Usimsemeshe

Ofisi ya wanyamapori ilifungwa jioni kama ofisi nyingine, na wafanyakazi wake wakaenda makwao kupumzika kama binadamu wengine. Ila wanyama hawana habari na saa za kazi. Ndege hugonga kioo saa anayotaka yeye, na nyoka akishaamua kulala kwenye kiatu cha mtu hangoji kupambazuke. Kwa hiyo kila jioni simu ya ofisi ilihamishiwa kwa watu wa kujitolea. Na hao watu wa kujitolea, baada ya mmoja kuhama, mwingine kuoa, na wa tatu kusema waziwazi kwamba amechoka na hataki tena kusikia habari za popo, walikuwa wamebaki mmoja tu: mzee fundi wa friji, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hata wasiokuwa na friji.

Jioni hiyo Fundi alikuwa hoi bin taabani. Tangu asubuhi alikuwa ameinama nyuma ya friza za bucha moja, akitafuta mahali gesi ilipokuwa ikivuja, na gesi nayo ikacheza naye kujificha. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, hata vidole vya kushikia spana vilimuuma. Alikaa jikoni kwake na buti miguuni, akiitazama birika ya chai bila nguvu za kuiinamisha. Uchovu wa namna hiyo aliuzoea. Ulikuwa wa kulala ukaisha. Uliomshinda ni ule mwingine, ulioingia alasiri, na ambao haukukaa mgongoni wala magotini.

Alasiri, aliporudi tu kutoka bucha, alimkuta Daktari mlangoni. Huyu alikuwa daktari wa wanyama na mkuu wa huduma ile, mwanamke mwembamba mwenye haraka, na siku hiyo alikuja kumjaribu bundi, aone kama sasa anaweza kuachiwa.

Bundi aliokotwa akiwa kinda, siku lilipobomolewa ghala moja kuukuu na kiota kikaanguka pamoja na paa. Daktari alilifunga bawa lililovunjika, Fundi akapewa kazi ya kulea. Alimtengenezea banda la wavu katika chumba alichokuwa akishonea marehemu mkewe. Cherehani ikasukumwa pembeni, ikafunikwa shuka. Kanuni ya kulea mnyama wa porini ni moja, na Fundi mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni wote: usimsemeshe. Unaingia umejifunika uso, unaweka panya wako uliyemtoa kwenye friza, unatoka. Hakuna "pole," hakuna "kula basi," hakuna hata mluzi. Mnyama akizoea sauti ya mtu hudhani watu ni jamaa zake. Ukimwachia, usiku wa kwanza tu atamshukia mpita njia anayeongea na simu, na mpita njia akishukiwa na bundi gizani haulizi ana shida gani. Anaokota jiwe.

Daktari alifungua banda, akasimama kando. Bundi akakaa juu ya kijiti chake, akatazama dirisha, akatazama miti ya nje, kama inavyotakiwa. Bawa lilikuwa zima. Daktari akatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku, akamnyooshea Fundi taulo aishike.

"Haya," alisema Fundi.

Haya, basi. Neno moja. Bundi akageuza kichwa, akaruka, akatua begani kwa Fundi, akaanza kumchokoa sikio kwa mdomo, taratibu, kama mtu anayemwamsha mwenzake.

Daktari aliwatazama wote wawili. "Kuna mtu anazungumza na ndege huyu, Fundi. Na si mara moja wala mbili."

"Labda redio ya jirani," alisema Fundi. Mtu mzima na mvi zake, akaisingizia redio.

Daktari hakubishana. Alisema tu kwamba bundi huyu haachiwi tena, sasa ni wa bandani maisha yake yote, na akaenda zake akiwa na uso wa mtu aliyepoteza kitu. Jirani, maskini, wala hakuwa na redio. Aliyezungumza ni Fundi mwenyewe. Kila usiku, akishamlisha bundi, aliketi kwenye kiti cha cherehani akasema naye, kwanza neno moja la "kula," kisha mawili, kisha akafunguka kama bomba lililokosa koki. Alimweleza habari za wateja wake. Alimweleza habari za marehemu. Alimweleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu, na hasa hakuwahi kumweleza binti yake, aliyekuwa akilala upande wa pili wa ukuta uleule.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa mkunga. Alirudi kuishi na baba yake siku ya matanga ya mama yake, akasema atakaa kidogo, na hiyo kidogo ikawa mwaka na ushei. Sasa alikuwa ameitwa kwenda kuongoza wodi ya wazazi katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Walikuwa wakitaka jibu kesho yake asubuhi. Yeye alikuwa ameshamwambia baba yake, tena kwa upole, kwamba kazi anaitaka, lakini hataondoka mpaka Baba aseme kwa kinywa chake kwamba ataweza kuishi peke yake. Akisema hawezi, basi atabaki, na hatamlaumu. Tangu siku hiyo Fundi alijitia hamnazo. Kila binti alipovuta kiti, mzee alikumbuka kitu alichosahau kwenye pikapu.

"Baba," alisema binti akiingia jikoni, bado na sare yake ya hospitali.

"Naam, mama."

"Leo hatulali bila kuzungumza."

"Tutazungumza, mama. Ngoja nivue viatu."

"Viatu hivyo unavivua tangu mwanzo wa mwezi."

Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akaweka mikono juu ya meza. Alikuwa na mikono ya mama yake, na Fundi hakupenda kuitazama. Hapo simu ya huduma ikalia, na Mungu anisamehe kumsema mzee wa watu, lakini Fundi alifurahi. Mahali fulani kiumbe wa Mungu alikuwa katika mateso, na yeye akashukuru.

"Huduma ya wanyamapori, karibu. Nikusaidie nini?"

Alikuwa mlinzi wa kinu cha unga, akihema. Walitega gundi ya panya stoo, na badala ya panya amenasa popo. Anapiga kelele, amfanye nini, amvute?

"Usimvute!" Fundi alikuwa ameshasimama, uchovu wote umesahauliwa kwenye kiti. "Utamchana bawa. Chukua unga, umwagie palepale gundi inapoonekana, asizidi kunata. Unga si unao?"

"Mzee, hapa ni kinuni."

"Basi mwagia. Nakuja."

Binti alichukua birika, akammiminia chai kwenye chupa ya safari, akamkabidhi mlangoni kama alivyofanya mama yake enzi hizo. Hilo lilimuuma Fundi kuliko kama angepiga kelele.

Kinuni taa moja ilikuwa ikiwaka, na mlinzi, kijana mwenye rungu, alikuwa amechuchumaa mbele ya kibao cha gundi kama mtu anayechunga mtoto wa watu. Alikuwa amemwaga unga mwingi kiasi kwamba popo alionekana masikio tu.

"Nimezidisha?"

"Hujakosea," alisema Fundi, akavaa glavu zake nene na tochi ya kichwani. Alitoa chupa ndogo ya mafuta ya kupikia, pamba, na kitambaa cheusi cha kumfunika popo uso. Kazi yenyewe haina haraka. Unapaka mafuta kwenye gundi, si kwenye ndege wala popo, unangoja yapenye, unainua ncha ya bawa upana wa ukucha, unapaka tena. Ukichoka ukavuta, umeua. Fundi alikuwa amechoka, na kope zilikuwa zikimwangukia, lakini mikono yake ilijua kungoja. Ilikuwa imengoja friji nyingi katika maisha yake.

"Pole, ndugu yangu," mlinzi alimwambia popo. "Pole sana. Vumilia, mzee anakutoa."

"Usimsemeshe," alisema Fundi.

"Hata pole?"

"Hata pole. Kwako ni pole. Kwake ni mnyama mkubwa anamngurumia sikioni."

Mlinzi akanyamaza, akatafakari, kisha akanong'ona, "Kazi yenu ngumu, mzee. Mimi nisingeweza. Kitu kikiniumiza moyo lazima niseme."

Fundi aliinamia bawa, akapaka mafuta, na aibu ikampanda tangu shingoni mpaka masikioni, maana alikuwa akimfundisha mtu asiye na kosa kanuni aliyoivunja yeye kila usiku. Wakati popo alipotoka kibaoni hatimaye, mzima, mchafu, ananuka mafuta kama andazi, mlinzi alirusha rungu lake juu akalidaka. Fundi alimtia popo kwenye boksi la giza, akamshukuru kijana, akaondoka. Njiani alisimamisha pikapu kando ya barabara na kuzima injini. Alikaa hapo bila sababu yoyote. Alitaka binti yake awe amelala atakapofika, na alijichukia kwa kutaka hivyo.

Nyumba ilikuwa giza alipofika. Alimweka popo mahali pake, akanawa mikono, akatoa panya kwenye friza ya nyuma. Friza ile iliwahi kumtoa shangazi mmoja mbio, siku aliyokwenda kutafuta barafu. Mwenyewe hajarudi mpaka leo. Fundi alimwacha panya alainike, kisha akaingia chumba cha cherehani, akajifunika uso kama kanuni inavyotaka, akamweka panya juu ya gogo, akasimama.

Usiku huo hakusema neno. Bundi hakumgusa panya. Alikaa amepinda shingo, akimtazama, akigongesha mdomo wake kidogokidogo, akingoja hadithi. Fundi alikaza midomo. Bundi akasogea mpaka kwenye wavu, akaegemeza kifua hapo. Kimya cha Fundi kilikuwa kimechelewa, na wote wawili walikuwa wakikiona kigeni. Ndipo simu ikalia mfukoni, na kwa mara ya kwanza jioni ile hakuitaka.

"Huduma ya wanyamapori, karibu. Nikusaidie nini?"

"Nina mnyama hapa nyumbani," ilisema sauti ya mwanamke. "Nadhani amejeruhiwa."

Fundi aliisikia mara mbili, kwenye simu na ukutani. Angeweza kukata. Lakini tangu aanze kazi hii hakuwahi kumkatia mtu simu, hata walevi waliopiga kuuliza tembo ananyonyeshwa wapi. Aliketi polepole kwenye kiti cha cherehani.

"Mnyama gani?" aliuliza.

"Mzee. Dume. Ana mvi."

"Anatembea?"

"Anatembea mno. Shida ni kukaa. Ukimsogelea tu anatoka mbio, anapanda pikapu."

"Anakula?"

"Akiwekewa."

"Amejeruhiwa wapi?"

"Pale alipokuwa mama," alisema binti. "Na mimi nimejeruhiwa hapohapo, ila yeye hajaniuliza."

Mdomo wa Fundi ukafunguka wenyewe kutoa maagizo, kama ulivyozoea. "Usimlazimishe. Mweke mahali penye giza, kimya, na joto."

"Kimya nimempa mwaka mzima, Baba. Hakijamponya."

Bundi, aliposikia sauti aliyokuwa akiingoja, alimrudia panya wake, akaanza kula.

"Daktari alinipigia," aliendelea binti. "Aliniuliza nani anayezungumza na bundi. Nikamwambia ni mimi."

"Mama! Kwa nini?"

"Kwa sababu wakikunyang'anya hii simu utabaki na nini? Nilikuwa nakusikia, Baba. Kila usiku. Maneno siyasikii, nasikia sauti tu, inapanda inashuka. Nilikuwa nalala nayo. Nikitoka zamu nimechoka, najilaza, najisemea angalau anaongea. Halafu asubuhi unaniambia 'chumvi iko wapi' na unaondoka. Bundi umempa maneno, mimi umenipa mgongo."

Kulia hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama zamu mbili mfululizo, na Fundi alitamani angelia.

"Ulikuwa unamwambia nini?"

"Habari za mama yako. Jinsi alivyokuwa akinituma uzi nikaleta rangi siyo." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Asubuhi ile alipotutoka. Kwamba aliniita nikasema ngoja kidogo, nafunga skrubu moja."

"Baba..."

"Na nilimwambia unaondoka."

"Na nini tena?"

Hapa Fundi alivua kitambaa usoni, kwa maana hakikuwa na kazi tena. Hili lililobaki lilikuwa limemkalia rohoni kuliko yote, na bundi peke yake ndiye aliyekuwa akilijua.

"Nilimwambia kwamba nikinyamaza hutaondoka."

Fundi akasogeza kiti karibu na ukuta.

"Ulisema huendi mpaka niseme kwa kinywa changu," alisema Fundi. "Basi nikakifunga. Wewe ukadhani ni huzuni. Huzuni ilikuwapo, mama, siwezi kuikana. Lakini mengine yalikuwa mtego. Nilijua utaona haya kuniacha, nikakaa juu ya hiyo haya yako, nikatulia. Kila usiku nilijua. Nikitoka kwenda kuokoa wanyama wa watu, nakuacha wewe umenasa hapa."

Alingoja akaripiwe. Mkunga ana ulimi; Fundi aliwahi kusikia waume wakitolewa wodini kwa maneno matatu tu.

"Nimekasirika," alisema binti hatimaye, taratibu. "Nataka ujue kwamba nimekasirika sana."

"Una haki."

"Siku zote hizo najilaumu. Nasema, nikienda nitamuua baba yangu."

"Hutaniua. Nenda, mama." Aliyasema kwenye simu, kwa sauti ndogo, akimtazama bundi. "Nenda. Nitaweza. Nitaweza vibaya, nitaunguza sufuria, lakini nitaweza. Na kesho namwambia Daktari ni mimi, si wewe, wala si redio."

"Redio gani?"

"Achana nayo."

"Neno la simu silitaki," alisema binti, na sasa sauti yake ilikuwa imekatika. "Njoo unitazame ndipo useme." Akakata.

Fundi alisimama. Magoti yakalia. Bundi aliruka mpaka kwenye wavu, akamfuata kwa macho, na mzee akasimama mbele yake kidogo, akijua kwamba huyu ndiye aliyelipia maneno yote yale, na kwamba hakuna mafuta ya kumbandua. Alizima taa, akatoka.

Mlango wa binti ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani na sare yake, simu bado mkononi, uso umelowa. Fundi alisimama kizingitini kama mgeni. Alifungua kinywa, na hapo hapo simu ya huduma ikalia tena mkononi mwake.

Walitazamana. Binti alikuwa na macho ya mama yake pia, siku zote, na Fundi hakuwa ameyatazama.

"Pokea," alisema binti, akageuza uso ukutani. Alikuwa amezoea.

Fundi akapokea. Mtu alikuwa akisema kwa pupa, paka ameleta ndege, ndege bado mzima, afanyeje.

"Mtie kwenye boksi lenye matundu, ulifunike," alisema Fundi. "Usimpe maji, usimpe chakula. Usimsemeshe. Umesikia? Vizuri. Sasa usikate simu, ndugu yangu, nisubiri. Kuna mtu naongea naye."

Aliiweka simu juu ya kabati bila kuikata, akaingia, akaketi kitandani kando ya mtoto wake, akamshika mikono yote miwili na kuitazama. Akasema aliyotakiwa kusema, kwa kinywa chake. Kisha akarudi nyuma, akaanza kumweleza yale mengine, kuanzia asubuhi ya skrubu.

Kule kwingine mtu mwenye ndege kwenye boksi alisikia mzee asiyemjua akilia. Hakukata. Aliketi sakafuni kimya karibu na boksi lake, akangoja zamu yake.